Mkono wa Glafira

Juma lilelile tulilomzika Glafira nilikipangisha chumba chake kwa mshona viatu, na wapo wanaonisema hadi leo. Waache waseme. Chumba kisicho na mtu huingia panya, na paa huvuja bila wa kukuambia. Ua nao nimeufanya ghala. Hapo yalipopangwa magudulia ya mafuta ndipo waamini wa Kristo wa mtaa wetu, Wayahudi na watu wa Mataifa, walipokuwa wakikaa mkeka mmoja na kuchovya mkate katika bakuli moja. Ukimwambia hivyo mshona viatu wangu anacheka. Anadhani nampigia porojo ili nimpandishie kodi.

Mimi ni Zabda, muuza mafuta ya zeituni hapa Antiokia, karibu na lango la barabara ya Dafne. Mama yangu alikuwa Myahudi. Baba yangu alikuwa Msiria wa milimani, mtu wa kufukizia ubani kila mungu aliyekutana naye njiani, na alikataa katakata nitahiriwe. Kwa hiyo kwenye chakula Wayahudi walinihesabu mtu wa Mataifa, na watu wa Mataifa wakanihesabu Myahudi. Kwenye mafuta kila upande uliniita ndugu. Sikulalamika. Mchuuzi aliyekaa katikati anauza kulia na kushoto.

Glafira alikuja kwangu kutafuta chumba akiwa ndiyo kwanza ameachiwa huru. Alikuwa mtumwa tangu utotoni katika nyumba ya tajiri mmoja kule kisiwani mtoni. Alipika, na chakula kikiwa tayari alisimama nyuma ya wageni akiwamiminia divai. Sifa zake zilikuwa kwenye kiwele cha nguruwe cha kuchoma. Tajiri alipokuwa akikata roho alisema Glafira aachwe huru, na Glafira mwenyewe aliamini kilichomkomboa ni kile kiwele.

Alizunguka chumba, akausukuma mlango, akalijaribu dirisha.

"Mlango haufungi, dirisha halifunguki," akasema. "Baba, unapangisha chumba au unapangisha upepo?"

"Upepo nakupa bure, mama. Unalipia kuta."

"Kuta zenyewe ziko wapi? Hii hapa nikiiegemea tutaingia pamoja kwa jirani."

Nikashusha kodi. Nilikuwa sijamshushia mtu hivyo miaka mingi, na hakuna aliyepata kunishusha tena kiasi kile.

Jumamosi alikuwa akienda kwenye sinagogi la Wayahudi, akikaa nyuma kabisa pamoja na wageni wengine waliomcha Mungu lakini hawakuwa Wayahudi. Huko ndiko alikosikia habari za Kristo, na huko ndiko alikofahamiana na Shapira, mke wa Yoezeri mfuma kitani. Waamini walikuwa wachache, wakitafuta mahali pa kuumega mkate bila kufukuzwa. Glafira akawapa ua. Yaani ua wangu. Aliniambia baadaye.

Wayahudi hawali ovyo, kila mtu Antiokia anajua. Basi Shapira akaingia jikoni kwa Glafira kumfundisha upya mpishi aliyekuwa amelisha madiwani. Nilikuwa nikiwasikia kutoka dukani.

"Toa damu yote, mwanamke! Unatupikia nyama au unatupikia mauaji?"

"Imetoka, dada."

"Hii nyekundu ni nini? Aibu? Tia chumvi tena!"

"Bwana wangu alikuwa na kiboko," Glafira alisema, "na hakuwa mkali kama wewe."

"Bwana wako alikuwa akila nguruwe. Angejuaje?"

Wakacheka mpaka jivu likapeperuka. Glafira akavunja vyungu vyake vya zamani vyote, akaanza na vipya. Kwangu alinunua mafuta yaliyokamuliwa na Wayahudi tu, maana ya wengine Wayahudi hawayagusi, ingawa nilimwonyesha mengine mazuri zaidi. Na kila siku ya kwanza ya juma, jua likishaingia nyuma ya ukuta, pale uani walikaa pamoja Yoezeri na ndugu zake kwa upande mmoja, Dioskoro mchonga mawe na mafundi wake kwa upande mwingine, na baada ya miezi michache hukuweza kuona upande. Dioskoro ni mtu wa Mataifa, mwenye sauti ya kuvunja kuta na mkono usiojua kubana. Yoezeri ni mtu wa maneno machache, anayepima kila neno kama uzi. Walipendana wale. Nasema nilichokiona.

Siku moja nilimwuliza Glafira kwa nini anajitesa, kuni, maji, masizi, kwa kazi isiyomwingizia kitu.

"Zabda, wewe ulizaliwa ukakuta pa kukaa," akanijibu. "Mimi mama yangu simjui hata jina. Maisha yangu yote nimesimama nyuma ya watu wanaokula. Hapa ndipo mtu aliponiambia kwa mara ya kwanza, kaa, Glafira, tule. Hawa wakiinuka, mimi narudi kusimama. Sina pengine."

Basi ukitaka kujua kilichokuwa hatarini ni hicho tu. Wengine walikuwa na sinagogi, na vyama vya mafundi, na ndugu wa damu. Yeye alikuwa na mkeka ule.

Ukaja mwaka wa njaa, na pamoja na njaa wakaja wageni waamini kutoka Uyahudi, watu wacha Mungu, wakali. Walifikia kwa Yoezeri. Walipoalikwa uani kwa Glafira walisema wana mfungo. Wiki iliyofuata pia mfungo. Glafira akasema wakiendelea hivyo tutawazika. Binti ya Yoezeri alikuwa amechumbiwa na jamaa ya mmoja wa wageni hao, na huo uchumba ulikuwa umechukua muda mrefu kupatikana. Hakuna aliyemtishia Yoezeri. Walimwuliza tu, kwa upole, kama ni kweli binti yake amekuwa akila chakula kilichopikwa na mkono wa mtu wa Mataifa.

Yoezeri akaanza kuja watu wakishakula na kunawa. Kisha akaja kwa ajili ya sala peke yake. Kisha ndugu zake wote wakawa wanaumega mkate kwake, ghorofani, juu ya chumba chenye vitanda vyake vya kufumia kitani.

Dioskoro alipoona hivyo akaja uani na soseji za nguruwe, kapu zima. "Wamekwenda, sivyo? Basi tule kama watu. Tumbo langu nalo lilibatizwa!"

"Ndani ya chungu changu haziingii," Glafira akasema.

"Bibi, unawapikia watu wasiokuwepo."

"Wakirudi wakute chungu ni kilekile."

"Na wasiporudi?"

Glafira akafunika chungu. Alikuja kwangu dukani kesho yake, akasimama mpaka wateja wakaisha.

"Zabda. Wewe umewahi kumuuzia mtu gudulia lenye ufa, akakushukuru."

"Halikuwa na ufa."

"Lilikuwa nao."

"Ufa mdogo."

"Basi hawa nao ufa wao mdogo. Nipatanishie."

Nimepatanisha watu waliokuwa wakiviziana na mundu kwa ajili ya mpaka wa shamba, kwa hiyo niliiona kazi nyepesi. Kupatana ni kumfanya kila mmoja aondoke akidhani amemlalia mwenzake. Nikaenda kwa Yoezeri, nikamkuta kwenye kitanda chake cha kufumia, mguu ukipiga kama kawaida.

"Kila upande ulete chakula chake," nikamwambia. "Mkeka uwe mmoja. Mkate apike Shapira. Hapo kuna ubaya?"

"Na divai?"

"Itoke kwa watu wako, imezibwa, ifunguliwe mbele yako."

"Atamimina nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Divai iliyoguswa na mtu wa Mataifa Wayahudi hawainywi, kwa kuwa nani ajuaye ameimwagia mungu gani. Nikaenda kwa Dioskoro, nikamkuta mweupe kwa vumbi la mawe kama mzimu. Alikubali yote, hata soseji akaziacha nyumbani, akaahidi na kafara ya kunyamaza siku hiyo, ambayo kwake ilikuwa kubwa kuliko soseji. Lakini divai amimine mtu wa Mataifa.

"Mkate wao, divai yao, mmiminaji wao," akasema. "Sisi tuje na nini, Zabda? Meno? Kama mikono yetu ni uchafu waseme, tujue."

Nilikwenda na kurudi mpaka viatu vikalalamika. Nilimpunguza huyu, nikampunguza yule. Mwishowe Yoezeri akasimamisha mguu, kitanda kikanyamaza.

"Amimine Glafira," akasema. "Kuhusu yeye nitasimama mbele ya wageni wangu na kusema: kutoka mkono ule nakunywa. Wakitaka kuvunja uchumba, wavunje."

Shapira aliyekuwa akisokota uzi akaangalia pembeni, akajifuta uso kwa nyuma ya mkono. Dioskoro nilipomwambia alikaa juu ya jiwe lake. "Amesema hivyo? Yoezeri?" Akasema, "Basi, hata mimi ningemchagua yeye."

Sasa naona kosa la makubaliano yale. Biashara nzuri mtu hubaki na kidogo mfukoni, cha kutoa siku mambo yakiharibika. Hawa walitoa vyote.

Siku yenyewe ua ulifagiliwa mpaka ukawa na alama za ufagio kama kitambaa. Glafira alivaa vazi la kitani alilofumiwa na Yoezeri enzi za amani. Wote walikuja, hata wawili kati ya wageni wa Uyahudi, ambao waliketi mwisho wa mkeka na magoti yao yakiwa nje ya ukingo. Dioskoro hakufungua kinywa. Mikate ya Shapira ilikuwa bado ya moto. Yoezeri akaonyesha muhuri wa mtungi kwa kila mtu, akauvunja, akampa Glafira mtungi kwa mikono miwili.

"Mimina, mama."

Hakuwahi kumwita mama.

Glafira akasimama. Wote wamekaa, yeye peke yake kasimama na mtungi mkononi, nyuma ya watu waliotulia kungoja. Akainama kwenye kikombe cha Yoezeri. Mkono ukaugeuza mdomo wa mtungi kando kidogo, matone ya kwanza yakaanguka chini, halafu ndipo ukarudi na kujaza kikombe.

Hapa kwetu hata mtoto anajua. Katika nyumba za wasiomjua Mungu mmoja hakuna divai inayonyweka kabla miungu ya nyumba haijamwagiwa tone lake. Glafira alikuwa amefanya hivyo kila siku ya utumwa wake, mezani mwa bwana wake, mpaka mkono ukawa haumwulizi.

Alinyanyua kikombe, akampa Yoezeri, akitabasamu. Hakuna aliyekipokea. Yeye hakujua. Alibaki amekinyoosha vilevile, na tabasamu lile. Halafu mmoja wa mafundi wa Dioskoro akacheka. Kicheko cha woga, najua, lakini kilisikika.

"Kuna nini?" Glafira akauliza.

"Umemmwagia nani, Glafira?" Shapira alisema polepole sana.

"Nimemmwagia nani nini, dada?"

Shapira akaonyesha chini kwa kidevu. Udongo ulikuwa umekwisha kunywa, limebaki doa tu. Glafira akalitazama, akautazama mtungi, akautazama mkono wake kama mtu anayemkuta mgeni chumbani.

"Sikumpa mtu," akasema. "Ni mkono tu."

"Mkono una bwana wake," Yoezeri akasema.

"Bwana wa mkono huu alikufa! Mlinikuta nimeshaachiwa!"

"Nilikusimamia, mama." Yoezeri hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Nimesema mbele ya hawa. Sasa niwaambie nini? Kwamba walikuwa wakweli, mimi ndiye mpumbavu?"

Dioskoro akainuka. Nikamvuta vazi. "Kaa chini, usiharibu bei!"

"Hii siyo bei, Zabda!" Akamgeukia Yoezeri. "Tone la divai! Damu ya Kristo iliyomwagwa nzima kwa ajili yenu haikuwatosha, na tone moja la divai linawainua mkekani?"

"Wewe ulipokuja hapa hukuwa na la kupoteza, Dioskoro. Uliacha miungu ya mawe ukachukua Mungu. Mimi nina binti."

"Na sisi ni nini? Kokoto?"

"Dada," Glafira alimwambia Shapira, "wewe unanijua. Waambie."

Shapira alikuwa akikusanya mikate kitambaani. Alifungua kinywa. Wale wageni wawili walikuwa wamesimama tayari, wanamtazama. Akakifunga. Aliacha mkate mmoja mkekani, sijui kama alisahau.

Wakaenda. Walipokwisha kutoka, Dioskoro kwa nia njema kabisa akanyoosha kikombe chake. "Basi tumiminie sisi tuliobaki, bibi." Glafira akauweka mtungi chini, akaingia chumbani kwake, akakokota mlango ule usiofunga.

Nilirudi kwa Yoezeri, nikarudi kwa Dioskoro. Hakukuwa tena na cha kupunguza. Uchumba wa binti ulipona, na hilo nalo likawa ushahidi kwamba Yoezeri alifanya sawa. Wale wa Dioskoro wakahamia kwake, wakala soseji zao kwa amani. Hawakuwa na chuki na Glafira. Walimfanya mzaha, jambo lililo baya zaidi: akipita na ndoo mafundi wanaitana, "Bibi, tone la leo la nani?" Alikwenda kwao mara moja akapewa mahali pazuri, akakaa bila kula. Aliniambia, "Nikila kwao nimechagua upande." Alikwenda pia kwa Yoezeri. Shapira akateremka, wakaongea chini ya ngazi habari za miguu inayouma, wala hakumwambia panda.

Akaanza kuufunga mkono wa kulia kwa kitambaa. Alikanda unga kwa mkono wa kushoto, akateka maji kwa mkono wa kushoto, nusu akamwaga. Nikamwambia, "Mama, mkono hauna akili, usiuadhibu." Akasema, "Usipokuwa na akili ufungwe. Hata mbwa hufungwa." Alikula amesimama, karibu na meko, kama kule kisiwani. Nilimwona mara nyingi nikipita kuchukua kodi. Kodi aliilipa kwa wakati.

Baada ya mvua za mwaka ule akalala, hakuinuka tena. Akaniita. "Sitaki ua wote," akasema. "Mmoja kutoka kule, mmoja kutoka huku. Waje wakae hapa kitandani tuumege mkate. Unaweza kunipatia hiyo bei?"

Nikaenda. Yoezeri akauliza, "Na yeye atakuwepo?" Dioskoro akauliza, "Mkate wa nani?" Nilisukuma mpaka nikapata nilichopata: Yoezeri asubuhi, Dioskoro jioni.

"Kwa zamu," Glafira alisema nilipomweleza. "Kama walinzi wa lango." Lakini akakubali. Na mimi, niliyejua ni biashara mbovu, nilimwacha akubali, maana hapakuwa na nyingine sokoni.

Asubuhi Yoezeri alikuja na mkate wa Shapira. Alishukuru, akaumega, akampa. Alilia, mtu yule asiye na maneno. Glafira alikula kipande kidogo, na kile kingine akakitia chini ya mto kwa mkono wa kushoto. Yoezeri alikiona.

Jioni akaja Dioskoro, ameoga, ameleta tini. Akakaa palepale alipokaa mwenzake. Glafira akatoa kile kipande.

"Kula na mimi."

"Wa wapi huu, bibi?"

"Umetoka mkononi mwa Yoezeri. Ameumega leo hapa. Ukila, tumekula wote watatu."

Dioskoro alikishika. Vumbi la mawe halitoki kwenye kucha zake hata aoge vipi. Alikigeuza, nami nikamsogelea kabisa, nikamwombea moyoni kwa lugha zote mbili za wazazi wangu.

"Yeye angekula wangu?" akauliza.

Glafira hakusema uongo. Hakuwahi. Alinyamaza.

"Nimeshakula nyumbani, bibi," Dioskoro akasema kwa upole, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Akambusu paji la uso, akaenda.

"Wameinuka, Zabda," Glafira akasema. Baada ya hapo hakusema la maana. Alikufa kabla ya mapambazuko.

Nilipokuja kufungua dirisha, lile lisilofunguka, nikakikuta kile kipande kizingitini, kimekauka, kimeshaanza kuingia sisimizi. Nikakipuliza. Nilishuka dukani, nikakichovya kwenye mafuta, sikuangalia yaliyokamuliwa na nani, nikakila nimesimama, kwa sababu mimi situpi mkate. Kisha nikaenda kutafuta wachimba kaburi.